Modeli ya kifaru Sherman V ya South Alberta: bodi (mwili wa kifaru) imenyooka!

Imenyooka, jamani. Nimeilaza juu ya kioo, nikabonyeza kona zote nne, haichezi hata kidogo.

Kwa waliojiunga karibuni: hii ni modeli ya kifaru cha South Alberta Regiment, kikosi cha upelelezi cha Divisheni ya 4 ya Kivita ya Kanada, Normandy, Agosti 1944, skeli ya 1/35. Upelelezi ulikuwa wa kwenye makaratasi zaidi. Vitani walipigana bega kwa bega na askari wa miguu wa Brigedi ya 10.

Seti ya modeli niliyopata kwa bei ya kutupa ni Sherman M4 ya kawaida, ilhali wao walitumia Sherman V, yaani M4A4, yenye injini ya Chrysler ya silinda 30: injini tano za magari madogo zilizofungwa pamoja. Dude hilo halikuenea, ikabidi bodi irefushwe kama sentimita 28. Kwangu ni milimita 8.

Ndogo, lakini hazikai mahali pamoja. Juu zinaingia nyuma ya kichwa cha mzinga. Chini lazima zigawanywe, 4 kwa 4, ili seti tatu za magurudumu ziachane sawa. Kwa hiyo bodi ya chini inakatwa mara mbili, na kila ikikauka inapinda kama ndizi. Supagluu kwa kazi hii ni balaa, inashika kabla hujalenga. Dawa ilikuwa kipande cha aluminiamu ya fremu ya dirisha: nimekibana ndani kwa raba, nikapitisha gundi ya maji kwa brashi, nikaenda kulala. Asubuhi puti kidogo, msasa wa maji, kwisha.

Minyororo sasa haitoshi. M4 ina vipande 79 kila upande, M4A4 ina 83.

Leo ilikuwa siku ya praima (rangi ya msingi), ila nimerudi kuitazama ile picha ya St. Lambert-sur-Dives, 19 Agosti: Meja David Currie wa South Alberta kushoto, bastola mkononi, Wajerumani wakijisalimisha. Ndiye Mkanada pekee aliyepata Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, kwa vita vya Normandy. Praima ingoje. Nimeshaanza kuchonga kisanamu cha Currie, na mkono wa bastola nimeutoa kwa kisanamu cha dereva wa gari la jeep.

Mwenye vipande 8 vya mnyororo vilivyobaki, aseme bei.