Video ya sekunde 30, somo zima la maji kujaa na kupwa

Mtoto wa Lamu hahitaji kufundishwa kwamba maji hujaa na kupwa. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, anaijua; maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, anayajua; na anajua saa ambayo mashua itakaa mchangani. Ambalo wengi hawajalipima ni mwendo wenyewe: maji hayapandi kwa kipimo kimoja kila saa. Kwa kuwa huwezi kukaa na darasa ufuoni kwa muda wa saa sita, hapo ndipo nilipoona projekta ina kazi ya kufanya.

Ili nipate video ya kuonyesha, nilitumia boriti ya mkoko ya mita 4, nikaipaka mistari ya rangi nyekundu na nyeupe, kila mstari sentimita 20, tukaisimika maji yakiwa yamepwa, sentimita 60 zikiingia topeni. Simu ilikaa gatini juu ya stendi ya miguu mitatu, ikipiga picha moja kila dakika 2. Saa sita ni picha 180. Ukizipanga sita kwa sekunde unapata video ya sekunde 30, na kila saa ya bahari inakuwa sekunde 5 ukutani.

Simu ikiachwa juani hupata joto mno na kujizima, kwa hiyo iwekee kivuli cha kuti, uizime mtandao na kuichomeka kwenye pawabenki. Upepo wa kusi hutikisa stendi. Mfuko wa mchanga wa kilo 2 ukining'inizwa chini yake hutosha. Kubwa zaidi ni mwanga. Simu ikiachiwa ijichagulie, kila wingu likipita picha huwa nyeusi kisha nyeupe, na video nzima inapepesa. Bonyeza na ushikilie kidole juu ya boriti mpaka simu ifunge umakini (fokasi) na mwanga, ndipo uanze. Chumvi ikikaa kwenye lenzi usiifute kavu, itakwaruza. Tumia kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji matamu.

Darasani, ukuta uliopakwa rangi ya maji nyeupe hushinda shuka, maana shuka hupepea. Rangi ya mafuta humeta, na wanaokaa pembeni hawaoni kitu. Madirisha nayaziba kwa majamvi. Picha isizidi upana wa mita moja na nusu kama projekta ni ndogo: ukiongeza upana mara mbili, mwanga ule ule unatapakaa kwenye eneo mara nne. Umeme ukikatika, betri ya sola ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, ikitumiwa nusu tu isiharibike, inatoa wati-saa (Wh) 600. Projekta ya LED ya wati 60, ukijumlisha kinachopotea kwenye inveta, itakwenda zaidi ya saa saba. Spika sijaihitaji. Video haina sauti, na ndivyo ninavyotaka.

Sasa kazi yenyewe. Usitegemee kidole kusimamisha video. Utachelewa sekunde moja, na sekunde moja hapa ni dakika 12 za bahari. Nimeikata vipande nikavipa namba, na kichezeshi cha video nimekipanga kisimame kwenye picha ya mwisho ya kila kipande. Kuchomeka flashi moja kwa moja kwenye projekta kulinisumbua, kwa sababu kipande kikiisha kinachofuata huanza chenyewe na jibu limeshaonekana.

Tuseme siku hiyo maji yalipanda sentimita 240. Nawaonyesha mwanzo na mwisho tu, kisha nauliza: saa mbili baada ya kuanza kujaa, maji yamepanda kiasi gani? Kadi tatu za boksi, rangi tatu: 60, 80, 120. Kadi hukaa kifuani na huinuliwa kwa pamoja nikihesabu tatu, la sivyo wote watamfuata anayesifika kwa hesabu. Wengi huchagua 80, maana wamegawanya 240 kwa sita. Jibu ni karibu 60. Mabaharia hukadiria kwa kugawa mpando wote sehemu kumi na mbili, saa kwa saa: moja, mbili, tatu, tatu, mbili, moja. Yaani sentimita 20, 40, 60, 60, 40, 20.

Mwanzoni nilikuwa nasimamisha saa ya tatu, kwa kuwa ndiyo katikati. Kosa. Kwenye saa ya tatu aliyeelewa na asiyeelewa wote hupata 120, na mwalimu anaondoka akidhani somo limeingia.

Kabla ya kufungua kipande cha pili nafuata kipimo cha Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard aliyeanza mbinu hii ya kupiga kura na kubishana mwaka 1991. Waliopatia wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, waambie wabishane wawili wawili dakika mbili, kisha wapige kura tena. Kwa darasa la wanafunzi 40 ni kati ya 12 na 28. Chini ya hapo kubishana hakufai kitu, eleza upya. Juu ya hapo endelea.

Ukitaka kuwapeleka kwenye boriti baadaye, chagua saa ya tatu au ya nne ya kujaa. Wakati huo maji hupanda kama sentimita 10 kwa dakika 10, nusu ya mstari, na macho yanaona. Mwanzoni ni sentimita 3 tu, nazo viwimbi huzimeza. Na ratiba ya leo usiipeleke kesho hivyo hivyo: maji yatachelewa kama dakika 50.