Akrabu ya tatu

Saa ililetwa karakanani tarehe 24 Shaaban, mwanzoni mwa miaka ya 1980, imeviringishwa kanga mbili. Mwenyewe alikuwa mzee wa Malindi, hapa Unguja, na hakutaka mtu mwingine aibebe. Ilikuwa saa ya ukutani ya pembe nane, na chini yake kijisanduku cha kioo cha pendulamu. Ndani, karatasi ya kiwanda ilikwishaliwa na mende. Jina la kiwanda halikusomeka, lakini neno Connecticut, jina la jimbo la Marekani, lilibaki.

Akrabu zake, yaani mishale inayoonyesha wakati, zilikuwa tatu. Ile ya tatu ilikuwa ndefu, nyembamba, imepakwa rangi nyekundu, na ncha yake ilifika ukingoni mwa uso wa saa, penye duara la namba 1 hadi 31.

"Inageuza tarehe asubuhi," mzee alisema. "Na siku nyingine inaruka mbili. Ramadhani hiyo inakuja, mwanangu."

Fundi aliyekuwa akinifundisha kazi hakufungua kitu. Aliuliza kwanza: "Shikamoo mzee. Inaruka mwanzo wa mwezi au mwishoni?"

"Marahaba. Mwanzoni. Mwishoni inabaki nyuma."

Hapo fundi alikwishajua nusu ya ugonjwa. Akrabu ya tarehe imepachikwa kwenye gurudumu la meno 31, na linalolizuia lisitembee ovyo ni kamani ndogo ya waya inayokaa katikati ya jino na jino. Waya huo ukilegea, akrabu inafuata uzito wake. Kutoka 1 hadi 15 inateremka upande wa kulia, kwa hiyo inaanguka mbele. Kutoka 16 inapanda upande wa kushoto, kwa hiyo inarudi nyuma. Mtu asiyeuliza swali lile angeanza kung'oa magurudumu ya ndani ambayo hayana kosa.

Tukaitoa: kwanza ile pini ndogo ya mbele kwa koleo, kisha washa yake (kile kijisahani chenye tundu), akrabu ya dakika, halafu ya saa, ambayo huvutwa huku inazungushwa kidogo, na mwisho ile nyekundu. Hii ndiyo iliyo karibu kabisa na uso wa saa, na huvunjika upesi kuliko zote. Tukafungua misumari ya hesi, tukaondoa uso.

Meno 31 yalikuwa yamejaa utando mweusi. Mtu alikuwa ameyatia mafuta, na vumbi likaganda. Meno yale hayatiwi mafuta kamwe. Tuliyasugua kwa mswaki na mafuta ya taa, tukayakausha. Waya fundi aliukunja kwa kibano, kiasi cha unywele tu, akapima kwa kidole: akrabu ukiisukuma chini ya nusu ya jino na kuiachia, lazima irudi yenyewe. Akaniambia pia nisiukaze kupita kiasi, kwani waya mgumu huinyima pendulamu nguvu kila tarehe inapogeuka. Saa inasimama wakati ule ule kila siku, na mwenye nyumba anadhani kamani kubwa imekufa.

Ikabaki kosa la asubuhi. Mzee alifuata saa za magharibi, yaani za kuzama kwa jua: kila jioni, adhana ikitolewa, akrabu mbili kubwa lazima zikutane kwenye 12, na zisipokutana anazisogeza. Jua la Unguja halizami dakika ile ile mwaka mzima. Tofauti hufika takriban nusu saa. Ukiiweka hivyo, saa inasoma kama mdomo unavyotamka, saa moja ni 1 na saa mbili ni 2. Na tarehe, ambayo kiwanda kiliipanga igeuke usiku wa manane, inageuka magharibi, hasa wakati siku ya Kiislamu inapoanza. Mpaka leo sijaona saa ya kigeni iliyoingia katika mila yetu vizuri kuliko hiyo.

Lakini 12 ziko mbili kwa siku. Gurudumu lenye pini inayosukuma tarehe huzunguka mara moja kwa saa 24: la kwetu lilikuwa na meno 48, likiendeshwa na lenye meno 24. Kwa hiyo aliyeirudisha ukutani baada ya nyumba kupakwa chokaa aliipatanisha na 12 isiyo yake. Dawa yake haihitaji bisibisi. Unasogeza akrabu ya dakika mbele saa 12 kamili, na kila saa na kila nusu saa unangoja ilie mpaka imalize. Nilihesabu mapigo 90. Ukiwa na haraka, mlio unapishana na namba; na ukirudisha nyuma wakati pini imeshika jino, unaweza kuipinda.

Tarehe 29 jioni tulikuwa barazani kwa mzee, saa imetundikwa, imenyooshwa mpaka mlio wa tiki na taka ukawa sawa. Alikuwa amekwishaitia ufunguo wa siku nane. Adhana ilipotolewa ilipiga 12, na muda mfupi baadaye ile nyekundu ikatoka 29 ikakaa 30. Mzee hakuigusa. Mwezi usipoandama, kesho yake itafika 31 na kusukumwa hatua moja. Ukiandama, hatua mbili usiku huo huo.

Tulikaa kimya. Kisha sauti za watoto zikaja kutoka upande wa bahari, halafu mtu mzima akapita akithibitisha. Mzee akapanda kwenye kigoda, akafungua kioo, akaweka kidole cha shahada nyuma ya akrabu. Ta. Thelathini na moja. Ta. Moja.