Herufi zikivurugwa: kwa nini Kiswahili hakisomeki hivyo

Tangu 2003 kuna ujumbe unaozunguka mitandaoni kwa jina la Chuo Kikuu cha Cambridge: eti herufi za ndani ya neno zikae zitakavyo, mradi ya kwanza na ya mwisho zibaki mahali pake, neno bado litasomeka. Cambridge hawakufanya utafiti huo. Matt Davis, mtafiti wa lugha katika mji huohuo, alikwisha kuukanusha. Wazo lenyewe linakaribiana na tasnifu ya Graham Rawlinson, Nottingham, 1976.

Mwaka 2006 Keith Rayner, mtafiti wa usomaji, na wenzake walilipima wazo hilo kwa Kiingereza. Maandishi ya kawaida yalisomwa kwa kasi ya maneno 255 kwa dakika. Herufi za katikati zilipobadilishana nafasi, kasi ilishuka hadi 227. Za mwishoni, 189. Za mwanzoni, 163. Yaani hata katikati kuna hasara, ila ni ndogo.

Sasa soma hili: hmaukawtabuia. Ni “hatukuwaambia”, na herufi ya kwanza na ya mwisho hazijaguswa. Lakini h inadokeza ukanushi tu, na a ya mwisho vinayo vitenzi karibu vyote vyenye asili ya Kibantu. Nani hakusema, lini, kwa nani, na kitendo chenyewe, vyote vimo katikati. Kiingereza kina maneno mafupi mengi yanayoponea kwenye hila hii. Kitenzi chetu hakina pa kujificha. Kiebrania nacho hukwama, maana mzizi wake ni konsonanti chache zinazodai mpangilio wake. Mzizi wa k-t-b wa Kiarabu umetuachia kitabu na katibu: ncha zilezile, irabu mbili zimepishana, neno jingine kabisa.

Kwa msahihishaji hapo ndipo penye kazi. Jicho halitelezi juu ya mstari. Huruka herufi 7 hadi 9 hivi, likatulia kwa milisekunde 200 hadi 250, likaruka tena. Linapotulia huokota taarifa hadi herufi 14 au 15 upande wa kulia, lakini zinazotambulika sawasawa ni kama nusu ya hizo. Neno refu huhitaji vituo viwili, na kama sentensi inatabirika, ubongo hujaza kilichobaki. “Tuliwaambia” hupita mahali pa “tulimwambia” bila mtu kushtuka.

Maneno ya herufi mbili au tatu ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu mara nyingi jicho huyaruka kabisa. Ndiyo maana “ya ya” hubaki kwenye prufu (nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapwa), hasa ya kwanza ikimaliza mstari na ya pili ikianza unaofuata. Badilisha upana wa ukurasa ili mistari ikatike kwingine, nazo zitajitokeza.

Programu ya kukagua tahajia haisaidii neno likiwa sahihi mahali pasipo pake. Tafuta mwenyewe jozi hizi moja moja kwenye faili: kitabu na katibu, habari na bahari, kibali na kabili. Kwa vitenzi, soma kwa sauti silabi kwa silabi, kidole kikiwa chini ya kiambishi cha mtendwa (kama -mw- au -wa-). Kusoma kimyakimya mara ya pili hakutoshi: sentensi umeshaizoea, na unaona ulichokusudia kuandika.