Siku Moja Maishani Mwangu: Waya Uliokataa Kutoka

Saa moja kasoro robo asubuhi. Nimefungua karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, na kama kawaida ninaanza na waya kabla ya chai. Hutengeneza mashine ndogo za kuchomelea, hasa zile za MIG, yaani zinazochomelea kwa waya unaoyeyuka na kuunga chuma, ambazo watu hununua kwa kazi za nyumbani, kama vile kuunga stendi ya maua, kurudishia mguu wa kiti au kuunda keria ya baiskeli. Wengi wao walijifunzia kwenye mashine za vijiti vya kuchomelea, na kijiti hukishika mwenyewe, hivyo kikigoma unajua pa kutazama. Waya wa MIG husukumwa na mota ndogo, ukapita ndani ya kebo ya tochi (mkono wa kuchomelea) yenye urefu wa mita tatu hivi, na huko ndani hakuna jicho linalofika.

Ninapitisha waya wa mashine yangu katikati ya kitambaa cheupe, nacho kinatoka na mstari wa rangi ya kahawia. Hiyo ni kutu. Waya huu umepakwa shaba nyembamba sana, na hewa ya chumvi ya hapa pwani haiihurumii, hususan spuli, yaani gurudumu lililozungushiwa waya, inapoachwa ndani ya mashine kwa wiki kadhaa. Ninakata mizunguko ya juu hadi kitambaa kibaki safi, kwa sababu kutu ile ingesuguliwa na kubaki ndani ya tochi.

Saa mbili na nusu. Anaingia mwalimu mstaafu, jirani yangu, amekumbatia mashine yake kama mtoto.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, fundi. Waya hautoki, na nimekaza mpaka mwisho.”

Ninaposikia “nimekaza mpaka mwisho” huwa najua nitakachokikuta. Ninafungua kifuniko cha pembeni na kukuta waya umejisokota kando ya rola, kile kigurudumu kinachousukuma, mizunguko juu ya mizunguko, mithili ya kiota cha mnana. Chanzo kilikuwa upande wa pili kabisa: waya uliyeyuka na kuganda kwenye tipu, yaani kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu mbele ya tochi. Mbele pakiwa pamezibwa na rola imebanwa kwa nguvu zote, rola haitelezi, bali huendelea kusukuma, na waya hutafuta njia nyingine.

Ninakata kiota, ninafunga tipu mpya ya waya wa milimita 0.8, kisha ninalegeza kibano cha rola mpaka iteleze na kuongeza kidogo kidogo. Ninavaa glavu kavu, ninaondoa kwenye chuma kibano cha ardhi, kile kinachounganisha mashine na chuma kinachochomelewa, halafu ninaelekeza tochi kwenye kipande cha mbao kwa mshazari. Waya unagonga mbao, unajikunja, unaendelea kutoka. Nikiubana sana kwa vidole, rola inateleza bila kuleta kiota, na kipimo hicho kinanitosha. Mwalimu anasema angepewa maelezo haya dukani asingeharibu nusu kilo ya waya. Sina la kumjibu, kwani vitabu vingi vya mashine hizi huonyesha picha ya kishikizo cha kukazia bila kueleza kikazwe kiasi gani.

Saa nne. Kijana mmoja ameleta mashine akiamini kwamba mota imekufa. Mota ni nzima. Rola ina mifereji miwili, mmoja wa 0.8 na mwingine wa 1.0, naye ameweka waya wa 0.8 kwenye mfereji mpana, kwa hiyo unashikwa kwa kubahatisha. Ninaigeuza rola na kazi imekwisha. Amenunua pia waya usiohitaji gesi, ambao ndani yake una unga. Namweleza kwamba waya huo ni laini, ukibanwa sana hupondeka, na kwamba unataka rola yenye meno madogo na kubadilisha nyaya za chanya na hasi ndani ya mashine.

Saa sita na nusu. Umeme unashuka na taa zinafifia. Nakula wali na maharage. Mashine zikipata umeme hafifu hutoa sauti ya kukatakata inayofanana mno na ya waya unaokwama, na kibano cha ardhi kilichoshikizwa juu ya rangi hutoa sauti hiyo hiyo, kwa hiyo sipimi chochote mpaka umeme utulie.

Saa nane mchana. Amerudi dada anayetengeneza stendi za maua. Wiki iliyopita nilimbadilishia laina, ule mrija wa chuma uliosokotwa kama springi ambao waya hupita ndani yake. Sasa waya unatoka kwa kushtukashtuka.

Ninatoa tipu na kubonyeza kitufe, lakini mshtuko uko pale pale, kwa hiyo tipu haina hatia. Ninainua kibano cha rola na kuvuta waya kwa mkono kutokea mbele. Unakuja laini kama uzi. Hapo nikapotea kwa muda mrefu. Nilikagua breki ya spuli, nikakagua mfereji wa rola, nikanyoosha kebo, na kote sikuona kasoro. Ilinichukua karibu saa nzima kukumbuka kwamba mkono wangu unavuta ilhali mashine inasukuma. Waya unaovutwa hunyooka, na unaosukumwa hupinda popote panapokosa ukuta wa kuuzuia.

Nikafungua shingo ya tochi. Laina ilikuwa imeishia kama sentimita moja kabla ya kufika mahali pake, na katika pengo hilo waya ulikuwa umejipinda kwa umbo la herufi S. Niliyeikata laina ile ni mimi, na niliikata kebo ikiwa imezungushwa juu ya meza badala ya kulazwa ikiwa imenyooka. Kebo iliponyooshwa, laina ikarudi nyuma.

“Dada, kosa ni langu.”

“Afadhali umesema, kaka. Nilishaanza kuitafutia mteja.”

Nikatandika kebo sakafuni, nikaingiza laina mpya kwa gharama yangu, nikapima mara mbili, nikakata na kusawazisha ncha kwa tupa ili isikwangue waya. Tulijaribu kwenye bomba la pembe nne lenye unene wa milimita 1.5, na sauti ikawa ile ninayoitaka, ya mafuta yanayokaanga bila kukatika.

Saa kumi na moja jioni. Ninapuliza laina za mashine mbili za kesho kwa kompresa. Linatoka vumbi jeusi lenye chembe za shaba zinazometameta. Ninatoa spuli zote, ninazifunga kwenye mifuko ya plastiki. Laina fupi nimeitundika kwenye msumari juu ya jiliwa, kando ya nyingine mbili nilizowahi kuzikata vibaya.