Mbuzi wangu kazaa pacha
Saa saba usiku wa kuamkia leo mbuzi wangu kazaa pacha, majike wote wawili. Miezi mitano iliyopita daktari wa mifugo alimwekea sponji ya homoni ukeni, ikakaa siku 11. Siku ya kuitoa akamdunga eCG, homoni ya kukomaza mayai. Kesho yake jioni joto likampanda: mkia hautulii, analia tu, majani hataki! Kulipokucha akahimilishwa kwa mbegu iliyogandishwa ya beberu wa Toggenburg, aina ya mbuzi wa maziwa. Mwenzake alifanyiwa hivyohivyo, hakushika mimba, na imeniuma sana. Wafugaji wenzangu, nawaomba msimwambie daktari azidishe dozi ya eCG ili mpate watoto wengi. Mbuzi akibeba wanne anateseka, na wengi hufa. Hawa wangu wameshanyonya dang'a, wamelala wamebanana kwenye gunia.