Betri juu ya ungo

Nimerudi jioni hii kutoka Makete, kule milimani mkoani Njombe, baridi bado imenikaa mifupani.

Kwa bibi mmoja kijijini tumesikiliza redio ya jamii. Muuguzi alikuwa anaeleza kuhusu mtoto anayeharisha: pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Bibi akamgeukia mkwewe mwenye kichanga, akarudia yote kwa Kikinga.
Polepole. Mara mbili.

Kumbe betri za redio ile bibi alikuwa amezianika juani tangu asubuhi, zisije zikazima katikati ya kipindi.

Betri mbili tu, juu ya ungo!
Zimenigusa mno.

Jamani, huko kwenu nani anasikiliza redio hivi? Niambieni.