Kucha ya Mauser

Mwaka 1976 uwindaji ulikuwa bado ruhusa Kenya kwa mwenye leseni. Marufuku ilikuja Mei 1977. Mkulima mmoja wa Witu, ambaye nyati walikuwa wakimwingilia shamba la mahindi usiku, alivuka kutoka Mokowe akatuletea karakanani Lamu bunduki yake, Mauser 98 ya risasi za milimita 9.3 kwa 62. Nilikuwa najifunza kazi kwa fundi mzee aliyetengeneza injini za mashua, cherehani, na bunduki za wenye vyeti.

"Fundi, yalia mara moja basi," mkulima alisema. "Nikivuta bolti yaja tupu, ganda limebaki ndani. Juzi nimelisukuma kwa fimbo kupitia mdomo wa mtutu, na mnyama yuko pale pale ananitazama."

"Alhamdulillahi umerudi, bwana. Hebu nipe bolti."

Aliigeuza kwenye mwanga wa mlango. Bolti ni kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachoingiza risasi, kufunga nyuma ya mtutu, na kulitoa ganda. Ubavuni mwa bolti ya Mauser hulala kucha ndefu ya chuma cha springi, imeshikwa na pete inayozunguka bolti, na mbele ina jino linalong'ata ukingo wa kitako cha risasi. Pembe ya chini ya jino lile ilikuwa imemeguka, kipande kadiri ya punje ya mchele. Mabaki yaliweza kushika ganda jepesi, lakini ganda lililokwama yaliliachia.

Sababu zilikuwa mbili, na fundi alitaka zote zijulikane kabla ya kutafuta kucha nyingine, maana kucha mpya kwenye bunduki ile ile ingevunjika vile vile. Ya kwanza ni namna ya kujaza. Risasi ikipanda kutoka kwenye magazini, kisanduku cha risasi chini ya bolti, ukingo wake huteleza kutoka chini ukaingia nyuma ya jino kabla bolti haijafunga. Mkulima alikuwa akijaza tano kwenye magazini kisha anaongeza ya sita kwa mkono, moja kwa moja kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Hapo jino halina njia ila kuuruka ukingo kwa nguvu, na kucha ile ni ngumu, haikuundwa kwa kazi hiyo. Kila mara inaumia kidogo, mpaka siku inakatika.

Ya pili ni kutu. Risasi zake zilikuwa za zamani, zenye fataki (kile kinachowasha baruti) ya klorati. Fataki hiyo ikiwaka huacha chumvi, na chumvi hunyonya unyevu, nasi Lamu hatuna uhaba wa unyevu. Wengi humimina mafuta wakadhani wamemaliza, lakini chumvi haiyeyuki katika mafuta. Dawa yake ni maji ya moto mengi kupitia mtutuni siku ile ile, kukausha kabisa, ndipo mafuta. Chemba ya bunduki ile ilikuwa na vishimo vya kutu. Shaba ya ganda hutanuka risasi inapolia, ikajibana kwenye vishimo, na mzigo wote wa kulivuta ukaiangukia kucha. Fundi aliing'arisha chemba kwa msasa laini sana uliozungushiwa kijiti, akaacha vishimo vyenyewe vilivyo. Ukivifukuza mpaka mwisho utaipanua chemba, na chemba iliyopanuka ni hatari kuliko kutu.

Kuipata kucha ndiyo ilikuwa shughuli. Vipuri vya bunduki vilivyokuwapo pwani yetu vilikuwa vya bunduki ya Kiingereza, Lee-Enfield ya .303, kwa kuwa ndiyo iliyotumiwa na askari. Kucha ya Lee-Enfield ni kijino kifupi kwenye kichwa cha bolti, kina springi yake na skrubu. Haina uhusiano wowote na ya Mauser. Tuliandika barua kwa duka moja la silaha Nairobi tukiitaja bunduki kwa jina na namba. Jibu likaja kwamba vipuri vya 9.3 hawana, na vikiagizwa Ulaya tusubiri miezi. Fundi mmoja wa kulehemu akasema ataongeza chuma kwenye jino kisha alipige tupa. Mzee alikataa papo hapo. Moto wa kulehemu huua ugumu wa springi. Kucha ingeonekana nzima na kulegea baada ya risasi chache.

Ndipo akaacha kuiuliza bunduki jina lake, akaipima risasi. Kitako cha 9.3 kwa 62 kina kipenyo cha karibu milimita 12. Risasi hii ilibuniwa Berlin mwaka 1905 na Otto Bock ili iingie kwenye Mauser 98 ya kawaida, kwa hiyo kitako chake ni kile kile cha risasi ya kijeshi ya Wajerumani, 7.92 kwa 57. Maana yake kucha ya Mauser 98 yoyote ya kijeshi ingefaa bila kuchonga jino upya. Ingekuwa risasi ya .375 Holland & Holland, yenye kitako cha milimita 13.5, tusingekuwa na bahati hiyo. Barua ya Nairobi ilikwama kwenye neno "9.3", na kumbe neno hilo halikuhusu kucha hata kidogo.

Muuza silaha mmoja wa Mombasa, mwenye leseni, alikuwa na Mauser ya kijeshi iliyofunguliwa, mtutu wake umeoza kwa kutu. Mkulima alisafiri na bolti yake na cheti chake, nami nikafuatana naye: kivuko cha Garsen kwenye Mto Tana, kivuko cha Kilifi, mpaka Mombasa. Mzee alikuwa ameniagiza cha kutazama. Ulimi mdogo nyuma ya jino uwe mzima, maana ndio unaokaa kwenye mfereji wa bolti na kuizuia kucha isichomoke ikivutwa. Mfuo wa kushikia pete usiwe umepanuka. Kucha isiwe na rangi ya buluu ya moto. Ile ilikuwa safi, nasi tukairudisha Lamu ndani ya kitambaa chenye mafuta.

Kuivua ya zamani hakuhitaji bisibisi. Unaizungusha kucha mpaka chini ya bolti, ulimi unatoka kwenye mfereji, kisha unaisukuma mbele. Mpya huingia kwa njia hiyo kinyume, pete ikiwa imebanwa kwa koleo iliyofungwa kitambaa. Bolti haikufunga mpaka mwisho. Mzee akalipaka jino masizi ya koroboi, akafunga taratibu, akafungua: masizi yalifutika kwenye ncha ya mbele tu, iliyokuwa ikigusa chuma cha nyuma ya mtutu. Akapitisha jiwe la mafuta mara chache, masizi tena, jiwe tena, mpaka bolti ikafunga na masizi yakabaki. Sehemu ya ndani inayong'ata hakuigusa, ila pembe ya chini aliilainisha ili ukingo uteleze.

Kwa majaribio tulitumia risasi za bandia, zisizo na baruti wala fataki. Ya kwanza aliiteleza chini ya jino kwa mkono, bolti ikiwa nje, akaitikisa: ilishika, na kidole kikaweza kuitoa bila kung'ang'ana. Kisha tano kutoka kwenye magazini, polepole, haraka, na bunduki ikiwa imepinduliwa. Moja ilitolewa chemba lakini haikurushwa nje. Hiyo si kazi ya kucha. Ni bapa la kurushia, upande wa kushoto, na lilikuwa limeganda kwa uchafu. Mafuta ya taa yakalimaliza.

Mkulima aliipiga risasi za kweli huko Witu, akarudi na maganda matano. Mzee aliyapanga mezani akatazama alama za jino kwenye kingo. Zote zilikuwa pana na za kina kimoja.

"Ya sita usiitie tena kwa mkono," alimwambia, akamrudishia bolti yake.